Bibo Nililompa Kabula

Walezi wenzangu, siku mliponiaga pale kituo cha watoto mlinifunga khanga mpya, mkanipa beseni, na mmoja wenu akasimama akasema kwamba mimi ndiye niliyewatoa watoto wa Naipingo nje wakacheza. Mkapiga vigelegele. Mimi nikainamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Baadaye mkaniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili walezi wanaokuja wasome. Nimeandika. Nimeishia darasa la saba na mkono wangu si mwepesi, kwa hiyo mnivumilie, lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu kile nilichopigiwa vigelegele si changu.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa chumba kimoja, mkeka, ndoo ya maji na kata yake, beseni la kunawia na watoto tisa. Mkubwa wao hakuwa amefikisha miaka mitatu, mdogo alikuwa hajajua kukaa. Mama zao walikuwa wanakwenda kwenye palizi ya ufuta. Hakuna aliyenifundisha kitu. Mwenyekiti wa kamati ya kituo, mzee mmoja mpole aliyependa vikao, aliniambia neno moja tu: "Mtoto arudi kwao kama alivyokuja." Nililichukua lilivyo. Nikafunga mlango, nikawakalisha kwenye mkeka, na kila aliyenyanyuka nikamkalisha tena. Alasiri mama zao wakawakuta hawana vumbi hata kwenye nyayo. Nilijisifu. Sikujua kuwa mtoto asiye na vumbi hata kidogo ni mtoto ambaye mchana kutwa hakufanya jambo.

Kuhusu mimi mwenyewe: nilizaa mara moja. Aliitwa Hamisi. Alishikwa na homa, na hakutimiza miaka miwili. Watu wameendelea kuniita Mama Hamisi, nami huitika. Nayaandika haya kwa sababu yanahusu kazi. Mwenye watoto nyumbani hufunga kituo akaenda zake. Mimi nilikuwa nikifunga naanza kungoja kufungua. Nilitaka wale watoto wanipende, na haikunitosha wanipende tu. Nilitaka wanipende kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka wa tatu watoto wakazidi, nikaletewa mwenzangu. Jina lake Somoe, mzaliwa wa Mandawa kule Ruangwa. Alikuwa amefiwa na mume, akaja Naipingo kukaa na shangazi yake pamoja na binti yake mmoja, Zuhura. Alikuwa mnene, anacheka kwa sauti, na khanga yake ya chini haikuwahi kufanana na ya juu. Nilimpokea vizuri. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa tayari simpendi.

Ilikuwa hivi. Alipoingia aliwaangalia watoto pale kwenye mkeka, akaniuliza, "Hawa wanaumwa?"

"Hawaumwi."

"Sasa mbona umewalaza wodini?"

Akafungua mlango. Akamvua viatu mmoja, akamvua wa pili, akawatoa nje kama anayetoa vifaranga. Mimi nikabaki mlangoni na viatu mkononi. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa analia kila asubuhi kwa wiki tatu nzima. Nambeba, analia, namwimbia, analia. Somoe akamkalisha mchangani, akachota mchanga kwa kifuu cha nazi, akaumimina polepole juu ya vidole vya miguu yake. Mtoto akanyamaza. Akaviangalia vidole vyake kama ameletewa vipya. Somoe akamimina tena.

"Umeona, Mama Hamisi? Huyu alikuwa anatafuta miguu yake."

Nikacheka, maana nisingecheka wivu wangu ungeonekana. Lakini zile wiki tatu zilikuwa zangu, na yeye alizimaliza kwa kifuu kimoja.

Zana zake nazitaja hapa, kwa kuwa mnazitumia mpaka leo mkidhani nilizianzisha mimi. Vifuu na vibuyu vilivyokatwa, vya kuchotea na kumiminia. Magunzi ya mahindi. Mchanga wa mtoni uliochekechwa kuondoa miiba na vigae. Udongo wa mfinyanzi unaotunzwa kwenye kitambaa kibichi. Majani ya kila namna, la mkorosho ambalo ni gumu na hulia likikunjwa, na la mpapai ambalo ni laini na kubwa kuliko uso wa mtoto. Mtoto mchanga wa miezi michache, asiyejua kukaa, alimlaza chali juu ya khanga pale kivuli kinapochezacheza. "Huyu mwache aangalie matawi," alisema, "hiyo ndiyo televisheni yake." Kabla ya kuwatoa alizunguka mwenyewe kutafuta siafu na miiba. Aliwatoa mapema, jua likiwa bado dogo, na uji ulikuja baada ya kunawa, si kabla. Ile kanuni ya kidole ni yake pia: unakutanisha kidole gumba na cha shahada, na kitu chochote kinachopita kwenye tundu hilo mtoto hapewi, atakimeza. Walioanza kutembea aliwafundisha kumletea kila walichookota. Mtoto akiokota kokoto, anakuja mbio kumwekea kiganjani, naye anashangaa kana kwamba ni dhahabu. Hao hawakutia kitu mdomoni tena.

Halafu ule mkorosho. Mnaufahamu, ule mkubwa wa ubavuni, ambao kivuli chake hakina mfano pale kituoni. Miezi mingi ya mwaka Somoe aliwapeleka pale. Mabibo, matunda yake, yakianza tu kuiva aliwahamishia kwenye mkwaju wa upande wa pili, wenye kivuli chepesi, na hakurudi chini ya mkorosho mpaka korosho ya mwisho iokotwe. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi. Nani huku kwetu asiyejua? Vidole vyetu wenyewe ni ushahidi. Lakini niliona anajisumbua. Sote tumekulia chini ya mikorosho na tumekula mabibo kabla ya kuota meno yote.

Miaka ile nilifanya kazi vizuri na moyo wangu ulikuwa mbaya. Nilijizoesha kuangalia mtoto akishushwa mgongoni kwa mama yake asubuhi anageukia wapi. Aligeukia kwa Somoe. Mama wakifika walichungulia kwanza: "Bi Somoe yupo?" na mimi nimesimama mbele yao. Aliwahi kuumwa siku mbili, nikafurahi, Mungu anisamehe, na siku hizo mbili watoto walisimama mlangoni wakiangalia njia. Nikajaribu kucheka kama yeye. Wawili wakaanza kulia.

Kisha akaja Kabula. Watu wake walikuwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, na mwaka ule kijiji kilikuwa na hasira nao kwa sababu ng'ombe walikuwa wameingia kwenye ufuta. Mama mmoja akasema mwanawe hatakaa mkeka mmoja na mtoto wa hao. Somoe akamjibu, "Ng'ombe wameingia shambani, sawa. Huyu kaingia shamba la nani?" Mama yule akamwacha mwanawe, akaenda shambani.

Kabula alikuwa na mwaka mmoja na nusu, hatembei, hasemi, ukimkalisha anakaa kama kifurushi. Mama yake alikuwa binti mdogo, Kiswahili chake cha kuokoteza, na sisi wote alituita "mayu", yaani mama kwa kwao. Nikamchukua Kabula awe wangu. Niliona huyu hana anayemgombania, kwake nitakuwa wa kwanza. Nilimbeba wiki nyingi. Alilala mgongoni kwangu akiwa ameshika pindo la khanga yangu, na Somoe aliniacha, hakuniingilia.

Asubuhi moja Somoe alifinyanga ng'ombe wa udongo, mwenye nundu na pembe ndefu kama wale wa kwao Kabula, akamsimamisha chini hatua mbili kutoka tulipokaa. Kabula akamwona. Akashuka mapajani kwangu, akashika mzizi wa mkwaju, akasimama, akaachia, akaenda. Hatua ya kwanza, ya pili, puu, juu ya ng'ombe. Akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Akiwa amejaa udongo mpaka kwenye nyusi akanyanyua uso, na macho yake yakaenda kwa Somoe.

"Mama Hamisi! Umeona?"

"Nimeona."

Alasiri mama yake alipoelezwa alipiga magoti mbele ya Somoe, akamshika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nakunja mkeka. Hakuna aliyenikosea siku ile. Ndicho kinachouma kwenye wivu, huna wa kumshitaki.

Baada ya hapo Kabula akaanza kusema, na neno lake la kwanza pale kituoni lilikuwa "Momo", ndiye Somoe. Mimi hakunipa jina.

Sasa nafika pale ambapo mkono unakataa. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho. Somoe alikwenda Mandawa msibani, akaondoka alfajiri baada ya kupita kituoni na ufagio wake. Aliniachia agizo: "Wakae mkwajuni, mwenzangu. Nitarudi kesho." Nikabaki na watoto saba. Kabula hakukaa. Alikuwa ananivuta khanga, ananyoosha kidole njiani. "Momo. Momo."

"Momo hayupo. Mimi nipo."

"Momo!"

Akalia. Akalia mpaka sauti ikakauka. Nikataka kumpa kitu ambacho Somoe hakuwahi kumpa. Nikambeba mpaka kwenye mkorosho. Kulikuwa na bibo moja jekundu limening'inia chini, nikalichuma pamoja na korosho yake inayoota kwenye ncha. Kila mtu wa huku anajua kwamba kabla ya kumpa mtoto bibo unainyonga korosho kwanza, ni kuzungusha mkono mara moja tu. Mimi sikuinyonga. Niliona inafaa kuwa mshikio, bibo huteleza na kiganja chake kilikuwa kidogo. Nikampa hivyo hivyo, mkononi mwake, kwa mkono wangu.

Alinyamaza. Akafyonza, maji ya bibo yakamtiririka mpaka kiwikoni, akaniangalia mimi, akacheka. Kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai nilikuwa na kila kitu nilichokuwa nakitaka tangu siku ile ya kifuu.

Nyuma yangu mtoto mwingine akaanguka, nikageuka kumwinua. Nilipogeuka tena Kabula alikuwa ameutafuna ule mshikio. Ganda la korosho mbichi si kama lililokauka, meno machache yanalitosha. Midomo ikavimba nikiiangalia. Ulimi ukatoka malengelenge. Nikamwosha kwa maji na sabuni, nikawaita majirani wawaangalie waliobaki, nikakimbia naye zahanati. Alipona. Lakini kwa siku nyingi alikunywa maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, na kila tone analia akiwa ameachama, maana hakuweza kufumba.

Mama yake alifika na vumbi la machungani. "Mayu, nani kampa?"

Nikasema, "Alikuwa kule mkoroshoni. Bi Somoe amewazoesha nje."

Yapimeni hayo maneno. Hakuna hata moja la uongo. Nimeyafikiria kuliko maneno mengine yote niliyowahi kusema, na bado nashangaa mtu mwenye haraka vile aliyachagua vizuri namna ile.

Somoe aliporudi kamati ikakaa. Akasikiliza yote, kisha akanigeukia, akaniuliza swali moja.

"Aliokota mwenyewe?"

"Aliokota mwenyewe."

Huo sasa ulikuwa uongo kamili. Nilitegemea apige kelele, na ningeshukuru. Akasema tu, "Chini nilifagia kabla sijaondoka."

"Bi Somoe, korosho haidondoki kwa kufuata ufagio wako," alisema mwenyekiti, na watu wakacheka kidogo. Wakaamua watoto wasitoke nje tena, na Somoe apumzike kazi. Kupumzika ndilo neno walilotumia. Akafunga mizigo arudi Mandawa. Zuhura, aliyekuwa na miaka kama kumi, alijitwisha sufuria na hakunisalimu. Somoe mwenyewe alipita kuniaga.

"Wape udongo, Mama Hamisi. Hata humo humo ndani."

Nikabaki na watoto wote. Watu wa Kabula walimwondoa, wakahamia na ng'ombe wao upande wa Kilimarondo. Na wale waliobaki kwangu, ambao sasa hawakuwa na mtu wa kunizidi, walikuwa wanasimama mlangoni na viganja kwenye mbao. Hawakunijia mimi. Walikuwa wanaujia mlango.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika nikaufungua. Msinifikirie vizuri, haikuwa toba, nilichoshwa na kilio. Nikatoa vifuu ambavyo aliviacha. Nikafanya kila kitu kama yeye: kuzunguka kwanza, kidole gumba na cha shahada, mkwaju wakati wa mabibo. Mwenyekiti aliona, akanyamaza, alikuwa amezeeka. Watoto wakachangamka. Wageni walipokuja kuangalia na kuuliza nani alianzisha, nilisema, "Tulianza taratibu." Mlipokuja nyinyi vijana mkaniuliza nimejifunzia wapi, niliwajibu, "Kazini." Tazameni nilivyokuwa hodari wa maneno yasiyo uongo.

Hazijapita wiki nyingi tangu mniage nikapigiwa simu kwamba Somoe amefariki. Nikapanda bodaboda mpaka Mandawa. Nilikuta ua umejaa. Kumbe miaka yote ile aliendelea kukaa na watoto wa majirani hapo hapo nyumbani, na vijana aliowalea walikuwa wamekuja, wengine na watoto wao mgongoni. Nilikaa jamvini na wanawake wenzangu, na badala ya kumwombea nilikuwa naangalia wanavyolia. Nilijiuliza kwangu watakuja wangapi. Maiti ilikuwa bado ndani, na mimi nilikuwa namwonea wivu.

Mwanamke mmoja akasogea, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Mayu. Hunikumbuki?"

Alikuwa mama yake Kabula. Kiswahili kimemnyooka. Nyuma yake aliketi msichana mrefu, amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Huyu likizo zote alikuwa anakuja hapa kumsaidia Momo wake," alisema. "Mimi nilimtafuta zamani, mayu. Nilimfuata mpaka hapa, nikamwambia, yale ya korosho nimekusamehe, mtoto ni mzima. Akanishukuru. Akasema asante sana, mwanangu."

Somoe alipokea msamaha wa kosa langu, akausemea asante.

"Haikuwa yeye," nikasema.

"Nini?"

"Kabula hakuokota. Nilimpa mimi. Nilichuma bibo na korosho yake nikampa mkononi. Nilitaka anipende."

Hakupiga kelele. Aliuchukua mkono wake uliokuwa juu ya wangu, akauweka kwenye magoti yake. Kabula alikuwa amefunua uso, ananitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha mama yake akauliza, si mimi, aliuliza hewani, "Sasa mbona yeye hakusema?"

Aliyejibu ni Zuhura. Alikuwa amesimama na ndoo ya maji, na yote ameyasikia. "Mama alijua siku ile ile. Alisema, Kabula akiokota ananiletea mimi kiganjani. Kama ameitia mdomoni, amepewa na mtu mzima. Nikamwambia, basi kaseme. Akasema, nikisema watamtoa na Mama Hamisi, na wale watoto watabaki na nani?"

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

"Umeniambia mimi, mama, na mimi nilikuwa najua. Kawaambie wasiojua."

Akaendelea na ndoo yake. Nilikaa mpaka mazishi yakaisha, na hakuna aliyekuja tena kukaa karibu yangu.

Ndiyo nawaambia. Karatasi hizi someni asubuhi, kabla watoto hawajaletwa. Wageni wakiuliza nani alianzisha, waambieni alikuwa Somoe wa Mandawa, na wakiuliza kwa nini aliondoka, waambieni pia. Ningependa kumaliza kwa kusema kwamba wivu umenitoka. Haujanitoka. Kila nilipoandika jina lake humu kalamu ilikuwa nzito, na mkilitamka mbele yangu mtaniona ninavyobadilika uso. Msijali uso wangu. Mtajeni.